Heko kwa Wakereza Kalamu

Kalamu ya dukani huandika vizuri, nayo ikipotea hakuna anayeililia. Ya mkereza vipande, fundi anayeunganisha vipande vya mbao kisha kuvikereza, ni habari nyingine. Huanza na kijiti cha mbao cha pembe nne. Fundi hukikata kimshazari bila kuufikisha msumeno mwisho, ili pande mbili zisihamane, kisha hupachika ukanda mwembamba wa mbao nyeupe kwa gundi. Gundi ikikauka, hukigeuza robo na kukata tena, hadi pande zote nne ziishe. Hutoboa katikati, hutia mrija wa shaba, mara nyingi wa milimita 7, ndipo hukipeleka kwenye kerezo. Patasi inapokula pembe, kanda zile zilizonyooka hugeuka pete zilizopitana. Ajabu kweli!

Akitumia mpingo, kazi huongezeka: mafuta yake huikataa gundi mpaka ufutwe kwa asetoni, na vumbi lake jeusi huchafua mbao nyeupe wakati wa kupiga msasa. Anayetoka hapo na mistari safi ni fundi hasa.

Na mpingo huota hapa kwetu, Kilwa na Lindi. Basi mafundi wetu mnaokereza miguu ya vitanda, msitupe vipande vinavyobaki, jaribuni kalamu.