Daktari wa Meno ya Watoto: Cheo au Pambo?

Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Tangu hapo taaluma hiyo imejijengea istilahi zenye mipaka bayana. Daktari wa kinywa na meno ana shahada. Tabibu wa kinywa na meno ana stashahada. Daktari bingwa amesomea tawi moja baada ya shahada, na miongoni mwa matawi hayo limo la meno ya watoto.

Mitandao ya kijamii inaitikisa mipaka hiyo. Katika Instagram au kundi la WhatsApp mtaalamu hujulikana kwa jina alilojichagulia. Huko neno “bingwa”, ambalo hospitali zimelipa maana mahususi, linarudia maana yake pana ya mtu hodari: anayesifiwa na wengi ndiye bingwa. Hatimaye mtaalamu mwenyewe huanza kujipima kwa wingi wa wafuasi.

Huenda msomaji akasema kwamba hata zamani wananchi walimwita kila mvaa koti jeupe “daktari”. Ni kweli. Lakini mzazi wa Liuli au Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, alimfahamu tabibu wake kwa sura na kwa kazi, na ufahamu huo ulisahihisha jina. Katika simu jina husimama peke yake, nalo humfikia mzazi kabla hajapata gari la kwenda Mbinga.

Hapo ndipo hatari ilipo. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania wapo wanaodai kwamba homa na kuhara kwa mtoto mchanga husababishwa na “meno ya plastiki”, nao huyang'oa. Hakuna plastiki hapo. Hizo ni chonge za mtoto ambazo hazijaota. Kuzing'oa huweza kuleta kutoka damu nyingi, maambukizo, hata kifo. Iwapo mng'oaji naye atajiita daktari wa meno ya watoto, mzazi atamtambuaje?

Hatuwalaumu wataalamu kwa kuandika maneno ya kuvutia, kwani mtoto mwenye hofu huhitaji kubembelezwa. Pambo, hata hivyo, lisikalie kiti cha cheo. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, “daktari bingwa wa meno ya watoto” litumiwe kwa aliyesomea tawi hilo tu, wala lisigeuzwe kuwa “daktari wa watoto wa meno”, kwani hakuna watoto wa meno. Pili, tabibu ajitambulishe kwa neno tabibu, ambalo ni la kale na lenye heshima. Tatu, wanaoelimisha wazazi waandike “chonge zisizoota”, na wanapolazimika kutaja meno ya plastiki watangulize “yanayoitwa”, wasije wakalithibitisha jina wanalolipinga.