Heko kwa Fundi wa Rola

Jaguar E-Type ilipotoka Uingereza mwaka 1961, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 265. Enzi hizo viwanda vingi vilipima injini ikiwa nje ya gari, bila mizigo ambayo injini huibeba barabarani. Mwenye gari huishi na namba hiyo kama jina la ukoo, hadi siku wenzake wanapokutana kupima magari kwa pamoja. Rola ya dainamomita, mashine ya kupimia nguvu za gari, haioni haya: husoma kinachofika kwenye magurudumu, baada ya giaboksi na difu kula chao.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa dainamomita. Hufunga gari kwa mikanda, huwasha feni kubwa mbele ya rejeta, hukanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sekunde chache tu. Macho yake yapo kwenye skrini, lakini masikio yake yapo kwenye injini. Ikigonga, anaachia papo hapo. Kikongwe hakikimbizwi kama kijana.

Na mwandalizi wa siku hiyo asisahaulike, anayegawa zamu na kukataa matairi yaliyopasuka kwa uzee. Kati ya zamu, jeti ya kabureta ikibadilishwa, farasi kadhaa huweza kurudi zizini. Waliopata kidogo hulaumu joto.