Kinywa kinawaka, tochi haioni kitu

Daktari wa meno anamulika: ulimi safi, fizi safi, hakuna kidonda wala utando mweupe. Mwenye ulimi anasema unawaka kana kwamba amelamba pilipili. Asubuhi ni afadhali, jioni hapashikiki, na ladha ya uchungu au ya chuma haimtoki. Wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na kwa miaka mingi walirudishwa nyumbani wakiambiwa wana mawazo tu.

Kauli hiyo ilitikiswa mwaka 2005 huko Italia. Giuseppe Lauria na wenzake walichukua vipande vidogo vya ngozi ya ulimi wa wagonjwa, wakavitazama kwa hadubini, na kukuta nyuzi za neva zimepungua kuliko kwa watu wazima wa afya. Lakini jaribio linalonivutia zaidi lilikuwa limetangulia mwaka mmoja, Ufaransa, chini ya Christelle Gremeau-Richard.

Wagonjwa 48 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa klonazepamu ya miligramu 1, dawa inayojulikana zaidi kwa kifafa. Jingine likapewa kidonge bandia. Hakuna aliyemeza. Mgonjwa alimumunya kidonge, akayaweka mate yake pale panapouma kwa dakika 3, kisha akatema. Mara tatu kwa siku, siku 14. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya waliotumia dawa yalishuka kwa wastani wa pointi 2.4, ya wenzao, 0.6.

Ujanja wote uko kwenye kule kutema. Klonazepamu ikimezwa hutuliza ubongo, na aliyetulizwa ubongo anaweza kusema lolote kuhusu ulimi wake. Ikitemwa, sehemu kubwa ya kazi inabaki mdomoni. Si ushahidi kamili, maana kiasi fulani hupenya hadi kwenye damu, na watafiti wenyewe waliiita dhana. Mwaka 2010 timu hiyo ikaipima dhana kwa njia nyingine: sindano ya ganzi kwenye neva ya ulimi. Kwa baadhi ya wagonjwa moto ulipungua. Kwa wengine uliendelea kuwaka juu ya ulimi uliokufa ganzi. Kwa hao wa pili, huenda chanzo cha moto kiko mbele zaidi, kwenye njia za neva au ubongoni.

Ndiyo maana sishangai jirani mmoja akiapa kwa vipande vya barafu na mwingine akaona havimsaidii kitu. Klonazepamu si ya kuigiza nyumbani: huleta usingizi na mazoea, na ni ya kuandikiwa. Kinachoweza kuigwa ni utaratibu wa watafiti hao wa kupima kitu kimoja kwa wakati mmoja. Badilisha dawa ya meno kwanza, utafute isiyo na povu jingi wala mnanaa mkali, uipe wiki mbili kabla ya kugusa kingine. Kisha mdalasini, ambao kwenye chai ya viungo hauonekani lakini unajulikana kwa kuwasha kinywa. Kisha ukwaju, ndimu, tumbaku, na dawa za kusukutua zenye spiriti. Maji ya baridi kidogo kidogo hayana hasara.

Angalia pia wakati wa kula. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hutulia mtu akitafuna. Chakula kikizidisha moto, shuku kuvu, mzio au meno bandia yanayokwaruza. Omba vipimo vya sukari, madini ya chuma na vitamini B12, hasa kama unatumia metformini kwa muda mrefu, kwani hupunguza B12 mwilini. Na kama moto ulianza baada ya kupewa kaptoprili, enalaprili au lisinoprili kwa ajili ya presha, usiache vidonge kwa uamuzi wako. Mpelekee aliyeviandika tarehe mbili: ya kuanza dawa na ya kuanza moto.