"Lugha: Kiswahili (vizuri)": Uhakiki Mfupi wa Barua ya Kuomba Kazi

Kila mwaka mitihani ya mwisho inapokaribia, wanafunzi wetu hupewa nasaha za kutafuta kazi. Andika wasifukazi wa kurasa mbili, vaa nadhifu, mtazame msaili machoni. Nasaha hizi hatuna ugomvi nazo. Tunachotaka kuhakiki hapa ni matini yenyewe, yaani barua na wasifukazi kama tunavyovifundisha sisi wenyewe darasani, na jinsi vinavyomfaa au kumwangusha mhitimu anayerudi kwao Arua au Koboko, takribani kilomita 500 kutoka Kampala.

Tuanze na barua. Katika somo la uandishi rasmi tunatoa alama kwa anwani mbili, tarehe, mtajo, mwili na tamati. Mwili nao aghalabu huanza hivi: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwaminifu na mwenye ari ya kujifunza." Sarufi haina kosa. Kasoro ni kwamba sentensi hiyo yaweza kuandikwa na mtu yeyote kuhusu mtu yeyote, na mwajiri aliyekwisha kuisoma mara arobaini asubuhi hiyo hana sababu ya kuisoma tena.

Isitoshe, si kila mlango hufunguliwa kwa barua. Anayetaka ualimu wa shule ya msingi ya serikali huko Koboko hupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, nayo humtaka ajaze Fomu Namba 3 ya Utumishi wa Umma na kuambatanisha nakala za vyeti. Wa sekondari za serikali hupitia Tume ya Utumishi wa Elimu. Fomu huuliza ulisoma wapi, lini, na umefanya kazi gani. Haina nafasi ya "mwenye ari". Tunakiri kwamba fomu hiyo hatujawahi kuileta darasani hata mara moja.

Lakini mstari unaotuuma zaidi uko kwenye wasifukazi, karibu na mwisho, juu kidogo ya "mambo nipendayo: kusoma na kutazama kandanda". Unasema: "Lugha: Kiingereza (vizuri sana), Kiswahili (vizuri), Kikakwa (lugha mama)." Miaka mitatu ya kusoma lugha, isimu na fasihi imefupishwa kuwa neno moja ndani ya mabano! Na vizuri maana yake nini? Kusalimiana, au kuandika kumbukumbu za kikao cha saa tatu?

Swali hili lina uzito wa pekee Koboko kuliko kwingineko. Mji huo uko karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Kikakwa husemwa katika nchi zote tatu. Wafanyabiashara wa upande wa Ariwara huja na Lingala. Wanaoingia kwa Oraba huja na Kiarabu cha Juba. Wanubi wana Kinubi chao. Na Kiswahili kipo tangu enzi za jeshi la kikoloni la KAR, ambamo vijana wengi wa West Nile waliandikishwa. Kambi ya Lobule ina wakimbizi wa Kongo, na Bidibidi, iliyofunguliwa Yumbe mwaka 2016, ina wa Sudan Kusini. Mashirika yanayohudumu humo yanahitaji mtu wa kueleza na kueleweka. Hebu mwombaji aandike hivi: "Nafasiri kwa mdomo baina ya Kikakwa na Kiswahili, naandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiswahili, Lingala naielewa lakini siiandiki." Maneno ni machache, msomaji anajua amepata nani, na kukiri asichoweza kunampa sababu ya kuamini yaliyotangulia.

Hapa lazima tujigeukie. Idara kama yetu hupenda kuwaambia vijana kwamba Kiswahili ni ajira. Tuna vya kutaja: katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa 2020 ulikifanya somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo ya sekondari, Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Yote kweli. Ila baina ya azimio na mshahara kuna bajeti, na kijana aliyeambiwa nusu ya habari ndiye anayebaki nyumbani akisubiri. Mwalimu mkuu mwenye fedha kidogo humtafuta mtu wa masomo mawili, kwa hiyo somo la pili lichaguliwe kwa makini tangu mwaka wa kwanza, si kwa kuangalia lipi lina mtihani mwepesi. Vilevile Kiswahili pekee, bila Kikakwa wala Kiarabu cha Juba, hakimfikishi mtu mbali sokoni Koboko. Tuseme hivyo waziwazi, hata kama kinapunguza idadi ya wanaojiandikisha kwetu.

Jambo moja la pembeni: anayedai "pesa ya fomu" au "pesa ya usaili" kwa jina la Umoja wa Mataifa ni tapeli. Umoja wa Mataifa hautozi waombaji kazi ada yoyote.

Muhula ujao tutaiacha kando barua ya kubuni kwa "Meneja, S.L.P. 100". Watakaokuwa likizoni Arua au Koboko watuletee nakala za matangazo ya kazi watakayoyakuta yamebandikwa. Tutayasoma darasani pamoja na ile Fomu Namba 3, kisha kila mmoja aandike upya mstari wake wa lugha.