Ule Waya Haukuwa wa Mhadhiri Kuuchomoa

Video ya maabara moja ya mitandao ya wanafunzi wa mwaka wa tatu imezunguka vya kutosha, na sifa zimemwagwa. Baadhi ni za haki: VLAN zimegawanywa vizuri, anwani za IP hazigongani, nyaya zimebandikwa majina. Basi. Kilichoniudhi ni pale mhadhiri aliponyoosha mkono akachomoa waya.

Turudi nyuma kidogo. Swichi tatu, na STP, itifaki inayozuia vitanzi kati ya swichi, imezimwa kwa makusudi. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, mimi simlaumu. Ukiiacha STP ya kawaida iwake, poti inasubiri sekunde 30 kisha mambo yanakwenda, na mwanafunzi anatoka akidhani swichi zina akili ya kuzaliwa nayo. Kuizima ilikuwa hatua ya mwalimu mzuri. Binti wa kundi la pili akachomeka waya wa tatu, ule unaofunga pembetatu. Taa za poti, ambazo kila moja ilikuwa ikipepesa kwa wakati wake, zikaanza kumweka zote kwa pamoja. Pingi zikakatika. Kijana wa kwenye konsoli akawa anabonyeza herufi, inachelewa kutokea. Dhoruba ya brodkasti hiyo, imekuja yenyewe hadi mezani. Binti akainama kufuata nyaya kwa kidole. Kabla hajafika, mkono wa mhadhiri umeshapita juu ya bega lake, waya nje, "haya, tuendelee."

Tuendelee wapi? Somo lilikuwa pale pale! Pakiti ya IP ina TTL. Kila ruta inapunguza moja, ikifika sifuri inatupwa. Fremu ya Ethernet haina kitu hicho. Ombi moja tu la ARP, ambalo ni brodkasti, likiingia kwenye pembetatu ile, kila swichi inalisambaza kwenye poti zote isipokuwa lilikoingilia, nalo linazunguka mpaka mtu akate njia. Wakati huohuo anwani ileile ya MAC inaonekana poti hii, mara poti ile, na jedwali la swichi linavurugika. Yote hayo yalikuwa yanaonekana. Wireshark, programu ya kunasa pakiti, ilikuwa wazi kwenye projekta, skrini imejaa ARP zinazofanana, na hakuna aliyeambiwa ageuke aitazame.

Mhadhiri aliujua waya wa kuchomoa kwa sababu mtego aliutega mwenyewe. Ni kama kocha anayeingia uwanjani kumpigia mchezaji wake penalti. Yule binti akiajiriwa, mtandao wa hospitali ukizimika saa nane usiku, nani atampitishia mkono begani?

Na kwa kuwa tunazungumzia kujifunza kwa mikono, niseme na hili: Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, ni ya kufanyia mazoezi nyumbani, si maabara. Humo huwezi kukosea kubana kichwa cha RJ45. Mwanafunzi anayepanga jozi zake zikifuatana 1-2, 3-4, 5-6, 7-8 atapima kwa kile kipimo cha taa nane, zote zitawaka, atashangilia. Ila pini ya 3 na ya 6 zilitakiwa kuwa jozi moja, na kwenye waya mrefu mtandao utasuasua bila yeye kujua kwa nini. Hilo halifundishwi kwa kipanya. Lakini vyuo vyetu siku hizi vinanunua nyaya zilizokwisha kubanwa.

Wa zamani hawakuwa hivi. Radia Perlman alibuni STP akiwa kampuni ya DEC mwaka 1985 kwa sababu nyaya halisi zilikuwa zikifunga vitanzi halisi. Warsha za AfNOG, kundi la waendeshaji wa mitandao wa Afrika, zilizoanza Cape Town mwaka 2000 chini ya watu kama Nii Quaynor wa Ghana, zikafika Nairobi na Dar es Salaam pia, zilifundishwa na wahandisi waliokuwa wakiendesha mitandao wenyewe, na mshiriki alikaa mbele ya mashine. Kizazi hicho kilijua thamani ya mtandao uliokufa darasani.

Kundi la tatu bado halijaingia maabara. Mhadhiri, izime STP kama ulivyofanya, acha dhoruba ije, geuza viti vyao viielekee projekta, kisha tia mikono mfukoni mpaka wakuite.