Kukumbusha si Kufundisha



Ukifika Bukoba au Muleba, ukaingia zahanati, shule au stendi ya mabasi, hutakosa kuona ukutani maandishi yanayokuamrisha unawe mikono kwa maji tiririka na sabuni. Maandishi hayo hayakuwekwa kwa mchezo. Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umezuka Bukoba Vijijini. Kata zilizopigwa ni Maruku na Kanyangereko. Walihesabiwa wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Januari 2025 ugonjwa ukarudi mkoani Kagera, safari hii Biharamulo, jirani na Muleba. Wagonjwa 10 walihesabiwa, na wote 10 walikufa. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Basi mtu asidhani kwamba napinga mabango na matangazo. Aliyeyaandika amefanya wema. Ninalolipinga ni sisi kuyafanya mabango kuwa ndiyo mafunzo. Ukumbusho humfaa yule aliyekwisha kufundishwa. Aliyehifadhi sura akasahau aya moja, mtajie neno la mwanzo tu, atakwenda mpaka mwisho. Lakini asiyepata kusomeshwa sura hiyo, hata ukimtajia neno hilo mara mia, atakutazama tu.

Hebu tulipime bango lenyewe. Linasema, nawa. Halimwonyeshi mtoto namna ya kusugua kucha na katikati ya vidole. Halimwambii kwamba kirusi cha Marburg kimevikwa ganda la mafuta, na kwamba sabuni hulivunja ganda hilo kama inavyovunja mafuta ya sufuria. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi. Wala halimfundishi afanye nini nyumbani pasipo na bomba, penye dumu moja la maji yaliyotekwa chemchemini. Maradhi yanapotangazwa, ndoo zenye koki hujaa milangoni. Maradhi yakitangazwa kwisha, ndoo hukauka, na mikono hurudi kwenye ada yake. Kwani mikono haikujifunza kitu; ilitii tangazo tu.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa majuma 12, na watu wapatao 2,000,000 walishiriki. Walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu na kujadiliana. Kisha, na hili ndilo kubwa, wakainuka kwenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Redio ilitoa neno, kikundi kikatoa mkono. Na kabla ya hapo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, ili mtoto asitoke shuleni na daftari lililojaa huku mikono ni mitupu. Palikuwa na somo la sayansikimu, watoto wakifundishwa kupika, kufua na kutunza nyumba. Leo mzazi humwuliza mwanawe amepata alama ngapi. Hamwulizi kama anajua kuosha choo, kushona kifungo au kuchemsha maji ya kunywa.

Lakini tusiishie kuilaumu shule. Sisi walimu wa madrasa tunacho kitabu cha tahara, nacho ndicho mlango wa kwanza wa fiqhi. Mtoto wetu atakuhesabia faradhi sita za udhu bila kukosea. Atakwambia kwamba maji yasiyofika kulla mbili yakiguswa na najisi yameharibika. Kisha anarudi nyumbani, chakula kinaandaliwa, na watu wanane wanachovya mikono katika bakuli moja la kunawia, mmoja baada ya mwingine! Elimu imebaki ulimini. Nani alimwonyesha kwamba mas-ala yale ya maji machache ndiyo bakuli hili hili? Nasema wazi pia kwamba udhu peke yake bila sabuni si kinga ya Marburg. Lakini mkono uliozoezwa kumiminiwa maji na kupitisha kidole baina ya vidole mara tano kila siku umekwisha pita nusu ya njia.

Lipo na jambo zito zaidi, nalo ni maiti. Ugonjwa huu huambukiza kwa damu na majimaji ya mgonjwa, na mwili wa aliyekufa kwao huambukiza vilevile. Sisi tumefaradhishiwa kumwosha ndugu yetu. Zikija habari kwamba haoshwi, watu hudhani dini imevunjwa, wengine wakafikiri hata kumficha maiti. Na ilhali mafaqihi wamekwisha kueleza kwamba kuosha kukiwa na madhara, hutayamamishwa. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 juu ya mazishi ya Ebola umeweka nafasi ya tayamamu na sanda kwa Muislamu, ikifanywa na watu waliovaa kinga. Mas-ala haya yasomeshwe leo msikitini, watu wakiwa wametulia, yasingoje siku ya kilio.

Na wewe msomaji wa Tanga, Unguja, Lamu au Mombasa, usiseme haya ni mambo ya bara. Kipindupindu cha mwaka 2015 kilianza Dar es Salaam, mji wa pwani, kikafika Unguja na Pemba.

Basi tufanye nini? Kwanza, baba na mama: tumeamrishwa kumfundisha mtoto sala afikapo miaka saba, na hapana sala bila tahara. Kwa hiyo miaka saba ndiyo wakati wa kumshika mkono na kumwonyesha kutawadha, kutumia choo na kukiosha, awe wa kiume au wa kike. Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona nguo na viatu vyake mwenyewe, mtoto wa kiume asione haya kushika sindano wala ufagio. Pili, mwalimu wa madrasa: somo la tahara lisomeshwe penye maji, na kila mwanafunzi atengeneze kibuyu chirizi chake kwa dumu, kamba na kijiti. Hakuna gharama hapo ya kutushinda. Tatu, kamati ya msikiti: sabuni iwepo chooni kama mkeka ulivyopo ndani.

Mabango na yabaki, yatukumbushe tunayoyajua. Ila samaki hukunjwa angali mbichi, na bango halina mikono ya kumkunja. Mikono hiyo ni yangu na yako.

Wabillahi tawfiq.