Mwili Uliochorwa kwa Kuzungukwa

Katika michoro ya Edme Bouchardon (1698–1762), mchongaji wa Ufaransa, jicho hushikwa kwanza na ukingo wa mwili: mstari thabiti unaoteremka kutoka begani hadi kifundo cha mguu bila kusitasita. Kwa mchoraji wa rangi, mstari huo hulitenga umbo na kilicho nyuma yake. Kwa mchongaji una kazi nzito zaidi, maana huonyesha mahali nyama inapogeuka kwenda upande usioonekana. Mtazamaji akisogea hatua moja tu, ukingo huo hutoweka na mwingine huchukua nafasi yake.

Ujuzi huu ulijengwa na Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, iliyoanzishwa Paris mwaka 1648. Mwanafunzi alianza kwa kunakili michoro, akaendelea na sanamu za plasta, na baada ya hapo ndipo alipomchora mtu hai: mwanamume aliye uchi, katika mkao uliopangwa na mwalimu. Bouchardon alishinda tuzo ya Akademia hiyo, Tuzo ya Roma, mwaka 1722, kisha akaishi Roma kwa miaka mingi akichora sanamu za kale.

Alipenda chaki nyekundu, ambayo ni udongo wenye madini ya chuma. Ikichongwa vizuri hutoa mstari mwembamba ulio wazi. Vivuli alivijenga zaidi kwa mistari sambamba kuliko kwa kusugua. Pale misuli inapodidimia mistari hubanana, na panapoinuka karatasi huachwa nyeupe. Chaki hiyo pia hukubali kunakiliwa: karatasi yenye unyevu hulazwa juu ya mchoro na kugandamizwa, ikatoka nakala hafifu iliyogeuzwa kushoto kulia. Ni msaada mkubwa, kwa sababu kosa la uwiano lililozoeleka machoni hujitokeza mara mkao unapogeuzwa.

Thamani ya njia hii ya kuchora inaonekana wazi katika sanamu yake ya marumaru iliyokamilika mwaka 1750, ambayo sasa imo katika jumba la Louvre: Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi, akijitengenezea upinde kutokana na rungu la shujaa Herkule. Kiwiliwili kimejipinda, hivyo hakuna upande mmoja unaotosha kukieleza. Bouchardon alimchora kijana hai kutoka pande mbalimbali, mgongo ukipewa uangalifu uleule wa kifua. Kila karatasi ilimpa ukingo mmoja. Jiwe lilipaswa kuzitii zote kwa pamoja.

Uaminifu huo kwa mwili hai ulimgharimu. Kwenye kasri la kifalme la Versailles watu walitarajia mungu mwenye umbo laini, wakaletewa kijana wa kweli, na sanamu ikahamishiwa kasri la Choisy. Hata hivyo hakubadili njia. Kwa sanamu ya mfalme Louis XV juu ya farasi, aliyopewa kazi yake mwaka 1748, alichora mamia ya karatasi, akimpima farasi kiungo kwa kiungo. Sanamu yenyewe iliangushwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mwaka 1792. Michoro mingi ingalipo Louvre.